Kupanga Safari Ndefu ya Kambi kwa Boti Ndogo za Mashine Katika Mto Rufiji

Mto Rufiji, kuanzia lilipo bwawa la Julius Nyerere hadi Bahari ya Hindi, ni mto mpana usio na maporomoko, wenye mafungu ya mchanga yanayohama, viboko wengi, mamba wengi zaidi, na vijiji ambavyo wenyeji wake wameishi na maji kwa vizazi vingi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kundi dogo, tuseme watu sita katika boti mbili za fiberi zenye urefu wa mita tano au sita na mashine ya nguvu farasi 15 hadi 25 kila moja, wanaotaka kukaa mtoni siku kumi hivi na kulala kwenye mahema. Njia inayopendekezwa inaanzia Daraja la Mkapa pale Ndundu, karibu na Ikwiriri, inapanda hadi Utete na kisha Mloka, inarudi darajani kuongeza mafuta na chakula, halafu inateremka kwenye delta, pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, na kuishia Nyamisati.

Hatua ya kwanza: chagua upande wa kuanzia

Watu wengi wakifikiria safari ya mto huwaza kusafirisha boti kwa gari hadi juu kabisa na kuteremka na mkondo. Kwa mtumbwi wa makasia wazo hilo ni zuri, lakini kwa boti ya mashine lina kasoro kubwa. Mashine ikifa ukiwa umeteremka kilomita 80 kutoka mahali ulipoacha gari, mkondo unazidi kukupeleka mbali na msaada ulioupanga, na njia ya kurudi inakuwa kupingana na maji bila nguvu ya kupingana nayo. Ukianza kwa kupanda, hali inageuka: kila kilomita uliyopanda ni kilomita ambayo mto wenyewe utakurudisha, hata kama mashine zote mbili zimegoma na mmebaki na makasia na pondo.

Gharama yake ni kwamba unapanda ukiwa na mzigo mzito kuliko siku zote, kwa sababu madumu ya petroli bado yamejaa na magunia ya chakula hayajaguswa. Kwa maoni yangu gharama hiyo inalipika, mradi mafuta yamehesabiwa sawasawa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 na lililofunguliwa mwaka 2003, linafaa kuwa kituo cha katikati kwa sababu barabara kuu ya kwenda Lindi inapita juu yake, Ikwiriri iko jirani kwa mahitaji ya dukani, na gari linaweza kukufikia bila kupita njia ya matope.

Hatua ya pili: chagua majira

Masika, yaani Machi hadi Mei, hayafai. Maji huwa mengi, yana kasi, yanabeba magogo na miti iliyong'olewa, na mafungu ya mchanga ya kulalia yote huwa chini ya maji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia katika mashamba na makazi ya wilaya za Rufiji na Kibiti, yalionyesha kwamba kuwapo kwa bwawa juu ya mto hakujaondoa hatari ya mto kufurika. Oktoba nayo ina tabu yake: maji yakiwa haba, boti yenye mzigo hukwama mara kwa mara, jua ni kali, na ndio wakati ambao mamba majike wanataga na kulinda viota mchangani.

Kipindi kizuri ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti. Maji yamekwisha kushuka kiasi cha kuacha mafungu makavu, lakini mkondo mkuu bado una kina cha kutosha. Usiku kuna ubaridi na mbu wanapungua, ingawa hawaishi. Huo pia ndio wakati ambao wakulima wa bondeni huonekana kwenye mashamba ya mlau, yale yanayolimwa katika udongo ulioachwa na maji yanapopungua, na hapa na pale utaona dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ambamo mlinzi wa shamba hulala akiwafukuza ndege na nguruwe.

Kuna jambo moja ambalo wasafiri wa zamani hawakulazimika kulifikiria. Tangu bwawa lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, kina cha mto huku chini hakifuati mvua peke yake, bali pia kiasi cha maji kinachopitishwa bwawani kwa ajili ya kuzalisha umeme au kupunguza ujazo. Mto unaweza kupanda usiku ambao hakuna wingu hata moja. Kabla ya kuondoka, ulizia katika ofisi za wilaya kama kuna tangazo lolote la kufunguliwa maji, kisha waulize wavuvi wa Ndundu na Utete jinsi mto ulivyokuwa katika wiki mbili zilizopita.

Hatua ya tatu: ruhusa na wenyeji

Boti ziwe zimesajiliwa na kukaguliwa kwa utaratibu wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na kila abiria awe na jaketi lake la kujiokolea linalomtosha mwili. Juu ya Mloka mto unaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Huko huingii na boti yako bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na mwongozo huu haukusudii kufika huko. Mloka ndiyo kikomo. Hata kabla ya Mloka, usilale ng'ambo ya kusini kabla hujawauliza wenyeji mpaka wa eneo la wanyamapori umepita wapi, maana mtoni hakuna bango. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo haikatwi, hata kijiti cha kuegemezea hema.

Ruhusa ya maandishi ni sehemu tu ya kazi. Katika kila kijiji mtakacholala karibu nacho, wawili kati yenu waende kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji kabla jua halijazama, wabishe hodi, wajitambulishe, waseme wametoka wapi, wanakwenda wapi na watalala wapi. Mashine inayonguruma mtoni magharibi na mwanga wa tochi kwenye fungu la mchanga huwatia watu wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao. Pia hapo ndipo mtakapopata habari ambazo hazimo katika ramani yoyote: kiboko mkorofi yuko kona ipi, mkondo umehamia upande gani, mamba alimchukua mbuzi wapi juzi.

Ajirini mwenyeji mmoja awe rubani, na ikiwezekana awe wa sehemu husika. Anayeijua Utete hadi Mloka si lazima aijue delta, na mzee wa delta hana sababu ya kuyajua mafungu ya Mloka. Kubalianeni malipo, chakula na nauli yake ya kurudi kabla ya kuwasha mashine.

Hatua ya nne: boti na mashine

Msisafiri kwa boti moja. Boti mbili ndilo jambo lisilo na mjadala katika mpango wote, kwa sababu boti ya pili ndiyo gari la kuvuta, gari la wagonjwa na stoo ya vipuri kwa wakati mmoja. Mashine za boti zote mbili ziwe za aina moja na ukubwa mmoja. Mwenye mashine mbili tofauti anabeba vipuri vya aina mbili, na siku ya shida hukuta kwamba pangaboi lililo zima halikai kwenye shafti iliyobaki. Mashine zinazofanana zinawezesha, hali ikiwa mbaya sana, kuichinja moja ili nyingine iishi.

Katika sanduku la vipuri wekeni plagi za kutosha kubadilisha mara mbili kwa kila mashine, pangaboi la akiba pamoja na nati yake na pini zake, kamba ya kuwashia, bomba la mafuta lenye kipira cha kuminya, chujio za mafuta, oili ya giaboksi na impela ya pampu ya maji. Impela inahitaji mkazo wa pekee. Maji ya Rufiji yana mchanga mwingi, na mchanga hula mbawa za mpira za impela haraka kuliko mafundi wa baharini walivyozoea. Mwendeshaji azoee kutazama nyuma kila dakika chache kuona kama maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu. Yakidhoofika, azime mara moja, kwa kuwa mashine iliyoungua kwa joto haitengenezwi mchangani. Fundi awafundishe angalau watu wawili kubadilisha impela kabla hamjaondoka nyumbani, na kila mmoja aifanye kazi hiyo kwa mkono wake.

Kamba ya kuzimia mashine ifungwe kwenye mkono au mguu wa mwendeshaji wakati wote. Boti isiyo na dereva huzunguka kwenye duara na kumrudia aliyeanguka, pangaboi likiwa linaendelea kukata.

Kila boti iwe pia na makasia mawili, pondo refu la kupimia kina na kusukumia, nanga yenye amari ya mita 30, kamba nyingine ya kuvutia, na ndoo ya kutolea maji yanayoingia botini iliyofungwa ili isipotee.

Hatua ya tano: hesabu ya petroli

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, na makosa mengi hutokana na kuhesabu kilomita badala ya kuhesabu saa. Mashine haijui umbali. Inajua imezunguka kwa muda gani na kwa kasi gani, na mkondo ndio unaoamua muda huo umezaa kilomita ngapi.

Fungua picha za setilaiti na upime njia kwa kufuata kila kona, si kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mto huu unajipinda. Tuchukue mfano wa kilomita 120 kutoka darajani hadi Mloka. Tuseme boti yako yenye mzigo inakwenda kilomita 15 kwa saa katika maji yaliyotulia, mkondo ni kilomita 5 kwa saa, na mashine ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili inakunywa lita 6 kwa saa ikiendeshwa kwa robo tatu ya nguvu zake. Ukipanda, ardhi inakupita kwa kilomita 10 tu kwa saa, hivyo unahitaji saa 12 na lita 72. Ukishuka, unakwenda kilomita 20 kwa saa, hivyo saa 6 na lita 36 zinatosha. Jumla ni lita 108 kwa boti moja. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kukwama, kurudi nyuma, kuvuta boti nyingine na kwenda kijijini kutafuta samaki, na unafikia lita 144, yaani madumu saba ya lita 20 pamoja na kiasi kilicho katika tangi la mashine.

Nambari hizi ni za mfano, na zako utazipata asubuhi ya kwanza. Ukiwa na mzigo wote, endesha nusu saa kupanda na nusu saa kushuka jirani na daraja kwa mwendo uleule wa mashine, ukisoma kasi kwenye simu yenye GPS. Jumlisha kasi mbili ugawe kwa mbili, na hiyo ndiyo kasi ya boti. Toa ndogo kwenye kubwa ugawe kwa mbili, na huo ndio mkondo. Kisha pima mafuta yaliyotumika katika saa hiyo. Kama yamezidi makadirio yako kwa kiasi kikubwa, ni afadhali kujua hapo karibu na Ikwiriri kuliko kujua siku ya tatu.

Kanuni ya kugeuza ni rahisi: petroli ikifika nusu, boti zinageuka, hata kama Mloka imebaki kona mbili. Kwa kuwa kushuka kunahitaji nusu ya mafuta ya kupanda, nusu iliyobaki inatosha kurudi na ziada inabaki. Msihesabu mafuta mtakayonunua njiani. Mkiyapata Utete ni neema, lakini petroli ya chupa iliyokaa juani inaweza kuwa na maji au taka, na sharti ichujwe kwa kitambaa safi kabla ya kuingia kwenye tangi.

Kwa mashine za mipigo miwili zinazochanganywa oili kwa mkono, kipimo cha kawaida cha mashine nyingi za sasa ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, ambayo ni mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine nyingine, hasa za zamani au zilizo mpya bado, zinataka oili zaidi. Fuateni kitabu cha mashine yenu. Changanyeni mafuta ufukweni, sigara na jiko vikiwa mbali, na madumu yasijazwe hadi mdomoni kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama ndani ya boti, chini kabisa penye ngama, yaani maji yanayokusanyika sakafuni, kwa hiyo harufu ikisikika mashine isiwashwe mpaka boti ipitishwe hewa.

Sasa pimeni mzigo. Lita 144 za petroli zina uzito wa zaidi ya kilo 100. Watu watatu ni kilo 210 hivi, mashine yenyewe inakaribia kilo 40, na mahema, vyombo, chakula na maji haviwezi kushuka chini ya kilo 100. Hiyo ni karibu nusu tani katika boti moja. Kama ukingo wa boti unabaki chini ya sentimita 30 kutoka kwenye maji, punguzeni mtu au tafuteni boti kubwa zaidi. Madumu yakae katikati, yamefungwa, na yanayotangulia kutumika yawe ya nyuma ili omo, yaani mbele ya boti, isiinuke sana.

Hatua ya sita: chakula na maji ya kunywa

Hapa hakuna ufundi mkubwa. Mchele, unga, maharage yaliyochemshwa mapema kwa siku mbili za kwanza, dagaa, vitunguu, mafuta, chumvi, sukari na majani ya chai vinatosha, na perege au kambale watanunuliwa kwa wavuvi. Vyote viwe katika ndoo za plastiki zenye mifuniko inayobana. Bebeni jiko na mkaa badala ya kutegemea kuni, kwa sababu kuni za mtoni huwa zimelowa na kuzitafuta vichakani jioni si salama.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 6 kwa mtu kwa siku. Juu ya daraja yanaweza kutoka mtoni: yaachwe usiku kucha kwenye ndoo ili tope litue, yachujwe, kisha yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe vidonge vya klorini baada ya kuchujwa. Katika delta maji ni ya chumvi, kwa hiyo mkipita darajani kwa mara ya pili jazeni maji ya siku zote zilizobaki.

Hatua ya saba: kuusoma mto

Boti yenye mzigo mwepesi ndiyo itangulie, nyingine ifuate ikiwa nyuma kiasi cha kuweza kusimama boti ya mbele ikikwama. Mmoja akae omo na pondo, akitaja kina kwa sauti. Katika kona, maji yenye kina huwa upande wa nje, ule wenye ukingo uliokatika wima, na fungu la mchanga hujengeka upande wa ndani. Penye sehemu iliyonyooka, mkondo huvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo boti nyingi hukwama kwa kudhani kina kitaendelea palepale. Viwimbi vidogo vinavyometameta katikati ya mto mtulivu ni dalili ya mchanga ulio karibu. Kimkunjo cha maji kilichosimama mahali pamoja, ncha yake ikitazama juu ya mto, kina kisiki chini yake.

Mkikwama wakati wa kupanda, zimeni, inueni mashine, na acheni mkondo uwarudishe nyuma huku mkisukuma kwa pondo. Asiruke mtu majini kusukuma boti kabla ya kukagua kina na eneo lote, kwa sababu ya mamba.

Mkikutana na mtumbwi, punguzeni mwendo mapema hadi mawimbi yenu yaishe. Mtumbwi mwembamba uliojaa watu na magunia hupinduliwa na wimbi ambalo aliye kwenye boti ya fiberi hata hakulihisi. Maboya ya chupa tupu yanaonyesha nyavu. Zungukeni, au zimeni mashine na kuiinua mkipita juu.

Hatua ya nane: viboko na mamba

Kiboko mchana hupenda kina, na akishtuka hukimbilia kinani. Kwa hiyo kundi likionekana, boti zipite upande wa maji mafupi kadiri kina kinavyoruhusu, polepole, zikiwaachia njia ya kwenda kwenye maji marefu. Hatari kubwa ni kukaa kati ya kiboko na kina chake. Mnapokaribia kona msiyoiona, gongeni ubavu wa boti kwa kasia mara kadhaa na kusubiri. Viboko huibuka kutazama, na mnajua walipo. Dume aliye peke yake na anayezama akielekea upande wenu asisubiriwe kupigwa picha.

Mamba hasumbui boti inayotembea. Anasubiri ukingoni, mahali watu wanapofika kila siku kwa saa ileile. Kwa sababu hiyo maji yachotwe kutoka ndani ya boti kwa ndoo yenye kamba, vyombo vioshwe mbali na ukingo, na kuoga kufanyike nchi kavu kwa kopo. Utumbo wa samaki usitupwe mbele ya kambi. Watoto wasikaribie maji kabisa.

Hatua ya tisa: kambi

Simameni saa kumi jioni, si baadaye. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na saa mbili za mwanga zinahitajika kukagua eneo, kufunga boti, kupika na kula. Kundi linalosema litafute mahali pazuri zaidi kona inayofuata huishia kulala mahali pabaya gizani.

Fungu la mchanga lililo wazi ni zuri kuliko ukingo wenye nyasi, kwa kuwa unaona kinachokuja na mbu ni wachache. Litembeeni lote kabla ya kuteremsha mzigo. Tafuteni nyayo pana za kiboko na njia laini zinazopanda kutoka majini kwenda nyasini, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kula na hurudi kwa njia aliyoizoea, hema likiwepo au lisiwepo. Alama za tumbo la mamba, au mchanga uliofukuliwa na kufukiwa, ni sababu ya kuondoka. Mahema yakae katika sehemu iliyo juu ya maji kwa mita moja na nusu au zaidi, yakiwa karibukaribu, milango ikitazama motoni. Msilale chini ya ukingo uliokatika wima, wala juu ya midomo yake, maana kingo hizo huporomoka bila onyo hata wakati wa kiangazi.

Chomekeni kijiti kwenye mstari wa maji na kingine kila nusu mita kuelekea mahemani. Walio zamu usiku, wawili wawili kwa saa mbili mbili, wavimulike kila saa. Maji yakifika kijiti cha pili, kundi lote liamshwe na mzigo uanze kurudi botini, bila kusubiri kuona kama yatasimama. Hii ndiyo faida ya kupanga mzigo kwa utaratibu uleule kila siku, ili hata gizani kila mtu ajue ndoo ipi inakwenda wapi.

Boti zifungwe omo na tezi, yaani mbele na nyuma, nanga ikiwa imechimbiwa mchangani juu, mashine zimeinuliwa, na madumu ya petroli yabaki botini au yawekwe hatua 30 kutoka motoni. Choo kichimbwe mbali na maji, na takataka zisizooza mrudi nazo. Mtu asitoke hemani peke yake usiku. Amulike kwanza pande zote, akitafuta macho yanayong'aa, kisha amwite mlinzi wa zamu.

Hatua ya kumi: delta

Chini ya daraja mto unaanza kugawanyika, na mnaingia katika mojawapo ya misitu mikubwa ya mikoko ya Afrika Mashariki, sehemu ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotambuliwa kimataifa mwaka 2004. Mifereji yake inafanana mno. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina. Ilibidi ziletwe meli mbili zinazoelea maji mafupi, na hatimaye Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Boti zenu zinaelea maji mafupi kuliko zote hizo, lakini mwenyeji wa kuwaonyesha njia bado ni lazima.

Huku mwenye amri ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi, na wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Chukueni jedwali la maji la pwani, mkikumbuka kwamba ndani ya mifereji saa hizo huchelewa. Mfereji msioujua uingieni maji yakiwa yanajaa. Mkikwama, dakika chache baadaye maji yatawainua, ilhali aliyekwama maji yakipwa atakaa juu ya tope kwa muda wa saa sita au zaidi, akiwa na mbu, jua na boti iliyolalia ubavu. Ni sababu ileile iliyofanya tuanze safari kwa kupanda. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, zinafaa zaidi kwa wageni, na tarehe za safari nzima zipangwe ili mfike delta katika siku hizo.

Katika delta hakuna mafungu ya kupigia hema yanayoaminika. Laleni kwenye ardhi kavu ya vijiji, kwa ruhusa, na muulize bamvua ya juzi ilifika wapi. Msitoke nje ya midomo ya mto kuelekea mkondo wa Mafia. Kusi inavuma kwa nguvu miezi hiyo, na pale maji yanayopwa yanapokutana na upepo, mawimbi husimama wima juu ya mafungu kwa namna ambayo boti ya mita tano haiwezi kustahimili.

Afya na mawasiliano

Muoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga ya malaria, na kila mtu awe na chandarua hata kama hema lina wavu. Mabwawa na maji yaliyotuama pembeni mwa mto yana konokono wa kichocho, kwa hiyo msiyakanyage. Mbung'o wa upande wa Mloka huvutwa na nguo za buluu iliyokoza na nyeusi. Hospitali ya wilaya iko Utete, nayo ndiyo kimbilio la karibu kwa sehemu kubwa ya safari ya juu. Rubani na viongozi wa boti zote mbili wajue umbali wa kufika huko kutoka kila kambi.

Mtandao wa simu unapatikana karibu na vijiji na kupotea katikati. Mwachieni mtu mmoja nyumbani karatasi yenye majina ya wasafiri wote, rangi za boti, kambi zilizopangwa na saa za kupiga simu, na mkubaliane kwamba simu ikikosekana kwa saa 24 ataanza kuuliza Utete, na ikifika saa 36 atatoa taarifa polisi. Simu mbili za kitochi zenye laini za mitandao tofauti, zikiwa zimezimwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, zinafaa kuliko simu janja sita zinazotumika kupiga picha mchana kutwa.

Kufika Nyamisati

Fikeni Nyamisati maji yakiwa makuu, asubuhi, ili boti ziweze kupakiwa kwenye gari bila kuburutwa topeni. Gari liwe limeagizwa tangu mlipopita darajani, kwa sababu hapo ndipo mlipokuwa na uhakika wa siku. Kabla ya kupakia, zungusheni mashine zote mbili ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi kwa dakika kumi ili chumvi itoke katika njia za kupozea, kisha mwageni oili ya giaboksi na kuitazama: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe kabla mashine haijawekwa stoo. Petroli iliyochanganywa na kubaki wauzieni wavuvi wenye mashine za aina hiyo, mkiwaambia wazi kipimo cha oili kilichomo.